Usiku Saba Ndani ya Svala

Kjell alipoingiza kichwa chini ya turubai la mashua alikuta vitanda vya marehemu baba yake vimegeuzwa kuni. Mbao za mkangazi, zilizopakwa vanishi kila majira ya kuchipua kwa miaka arobaini, zilikuwa zimerundikwa juu ya theluji kando ya ngazi, zimefungwa kwa kamba ya plastiki. Ndani ya mashua msumeno wa umeme ulikuwa unanguruma. Alipanda bila hata kukung'uta viatu.

"Nani kakuruhusu?"

Torgny, mume wa dada yake Gunnel, alikuwa amepiga magoti katika chumba cha kulala cha mbele, vumbi la mbao limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alizima msumeno. "Asubuhi njema, shemeji."

"Sikuja kusalimiana. Nani kakuruhusu kuvunja?"

"Mwenye nusu ya mashua. Unamfahamu, mmelelewa nyumba moja."

"Nusu yake haiko huku mbele."

"Iko wapi? Chora mstari basi tuone."

Kjell hakuchora mstari. Alitazama huku na huku, akaona kuta zimevuliwa mpaka ubavu wa mashua unaonekana, umekwaruzwa rangi na kukaushwa kwa feni. "Vile vitanda baba alivichonga kwa mikono yake," alisema.

"Na baba yako alikuwa mwembamba kama ufagio. Gunnel hapiti hapa, Kjell. Ana nyonga ya chuma. Daktari kamkataza kutambaa, na mlango huu haupitiki bila kutambaa."

"Asiyeweza kuingia asiingie. Ndivyo tulivyoandika."

"Wewe ndiye uliyeandika."

"Na yeye akatia saini. Wewe endelea tu na makabati yako, fundi. Tarehe kumi na nne Mei kreni inakuja kuzishusha mashua majini. Siyo kumi na tano."

Akashuka. Akachukua ubao mmoja wa mkangazi kutoka kwenye lile rundo, mrefu kuliko gari lake, akaondoka nao ukiwa umetokeza dirishani. Hakuwa na la kuufanyia. Hakutaka tu Torgny abaki nao.

*

Karatasi yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja. Kaka na dada waliiandika jikoni kwa Gunnel wiki tatu baada ya kumzika baba yao, mzee Hilding, wakati bado wanapikiana kahawa na kusikilizana. Svala, mashua ya baba yao, ni ya wote wawili, nusu kwa nusu. Kila mmoja anaruhusiwa kuitengeneza kwa gharama yake. Na asiyelala ndani ya mashua, ikiwa majini, angalau usiku saba katika msimu mmoja, atamwachia mwenzake nusu yake kwa nusu ya bei. Kipengele hiki cha mwisho kilikuwa cha Kjell. Alisema mashua isiyolaliwa huoza, na hapo alisema kweli.

Msimu uliopita Gunnel hakulala hata usiku mmoja. Alikuwa kwenye foleni ya upasuaji, akitembea kwa kushika ukuta. Kjell akasema anamwachia mwaka huo mmoja kwa huruma. Huruma hiyo alimkumbusha siku ya kuzaliwa kwake, akamkumbusha Krismasi, na mara ya tatu akamkumbusha kwa ujumbe wa simu wakati mwenzake yuko hospitali ametoka kushonwa. Watu wa ziwa hili hugombana kwa sauti ya chini, ndiyo maana ugomvi wao hauishi.

"Simama wima," Torgny alimwambia mkewe jioni ile. Alikuwa na futi ya chuma mkononi na penseli sikioni. "Sasa geuka ubavu. Usivute tumbo ndani."

"Sivuti."

"Unavuta, Gunnel. Nikipima tumbo lililovutwa, mlango utakuja kukubana siku umekula viazi."

Gunnel aliachia pumzi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa aliyeendesha ile mashua peke yake kutoka gatini kwao Granviken mpaka baharini akiwa na miaka kumi na saba, na sasa alikuwa amesimama sebuleni kwake akipimwa kama jokofu. "Namba hiyo usimtajie mtu," alisema.

"Naiandika kwa siri."

"Na kimo cha kitanda umekitoa wapi?"

Torgny alichomoa penseli sikioni. "Kwenye choo. Kile kiti cha kuinulia walichotupatia hospitali. Sentimita hamsini. Ndicho kimo unachokaa na kuinuka bila kulalamika."

"Kwa hiyo nitalala juu ya kimo cha choo."

"Utalala vizuri."

"Nyie wanaume wawili mtanimaliza," Gunnel alisema. "Mmoja ananitoa kwa karatasi, mwingine ananiingiza kwa futi." Lakini alimshika bega ili akae, na alipokaa hakuondoa mkono upesi. Alikuwa anaitaka ile mashua kuliko alivyotaka kutembea vizuri. Torgny alilijua hilo, ndiyo maana siku zake zote za mapumziko tangu Januari zilikuwa zimeishia chini ya turubai, na zile krona elfu saba za mashine mpya ya kufulia zilikuwa zimekwisha kwenda kwa muuza magodoro.

*

Lazima isemwe kwamba Torgny alikuwa fundi. Alipachika majiko na makabati ya watu kwa miaka thelathini, na hakuna droo yake iliyowahi kurudi. Ubavu wa ndani aliubandika magome ya mti wa kizibo, ya unene wa milimita nane, ili usitoe jasho wakati wa baridi. Chini ya godoro aliweka chaga za mbao zenye nafasi ya vidole viwili, hewa ipite, ukungu usiingie. Godoro lenyewe lilikuwa la sponji za aina mbili, ngumu chini, laini juu, limekatwa kufuata umbo la mashua linavyobana kuelekea mbele. Aliweka mishikio mitatu ya mti wa mwaloni pale mkono wa Gunnel utakapoitafuta, na taa ndogo ya kusomea. Kizingiti kilichokuwa kinafika magotini akakishusha mpaka kifundoni.

Ilibaki nguzo. Ilisimama katikati ya kiambaza, imeegemea mlango, na kwa sababu yake mlango ulikuwa na upana wa sentimita thelathini na nane. Gunnel, bila kuvuta tumbo, alikuwa na zaidi ya hapo. Torgny alijua nguzo inafanya kazi gani. Mlingoti wa Svala hausimami chini, unasimama juu ya sitaha, na nguzo ile iko chini yake moja kwa moja. Basi akafanya kama afanyavyo anapovunja ukuta wa jiko la mtu. Aliweka boriti juu, kutoka ubavu huu hadi ule, ya mbao nne zilizogandishwa kwa gundi na kubanwa usiku kucha. Akauliza mlingoti una kilo ngapi, akaambiwa sabini. Yeye mwenyewe alikuwa na tisini na mbili. Akajining'iniza kwenye boriti kwa mikono miwili, akakunja miguu, akajitikisa. Boriti haikulia hata kidogo.

Ndipo akaikata nguzo.

*

Mwezi Machi ilikuwa zamu ya Kjell kukagua uwanja. Kila mwanachama wa klabu ana zamu yake ya kuzunguka mashua sitini zilizopandishwa juu ya magogo, kukaza maturubai yaliyolegezwa na upepo na kuandika kwenye daftari kwamba kila kitu ni salama. Alipofika kwa Svala aliangalia nyuma yake kwanza, kisha akapanda.

Alikaa juu ya kitanda. Alikuja na maneno yake tayari, lakini godoro lilimpokea vizuri hata akayasahau kidogo. Akapitisha kiganja kwenye kizibo. Akaufungua mlango mpya na kuufunga, ukajifunga kwa sauti ndogo ya kistaarabu, kama mlango wa kabati la bei mbaya. Mzee Hilding hajawahi kutengeneza mlango unaofunga hivyo. Kjell aliumia kuona hivyo.

Kisha akainua macho, akaiona boriti, akatazama chini kuitafuta nguzo, na hakuiona.

Yeye alikuwa ndiye msimamizi wa milingoti wa klabu. Alielewa mara moja. Uzito wa mlingoti si kitu. Kazi yote iko kwenye nyaya. Nyaya za chuma zikikazwa mbele, nyuma na pembeni zinaukandamiza mlingoti chini kwa nguvu ya tani mbili, na upepo ukiingia kwenye tanga zinakuwa tatu na zaidi. Boriti ya jikoni haitavunjika siku hiyo hiyo. Itapinda kwanza.

Angeweza kupiga simu. Ilikuwa Machi, muda ulikuwepo wa kutosha, na Torgny angerekebisha kwa wiki mbili. Kjell alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha. Alijiambia kwamba hakuna atakayedhurika. Yeye ndiye atakayekaza nyaya, mambo yataonekana palepale gatini, mbele ya watu, na mashua haitatoka. Kisha Svala itapandishwa tena nchi kavu kwa matengenezo, na hakutakuwa na kreni ya kuishusha tena kabla ya Septemba, na msimu utakuwa umekwisha. Na dada yake atakuwa hajalala usiku hata mmoja kwa mwaka wa pili.

Kwenye daftari aliandika: Svala, salama. Akatia saini.

*

Siku ya kushua mashua jua lilitoka. Kreni ya kukodi ilishusha mashua sitini tangu alfajiri, na saa saba mchana Svala ilikuwa inaelea gatini, turubai limevuliwa, inang'aa. Barbro, mzee wa meza ya kahawa, alikuwa anauza soseji na maandazi ya mdalasini na kutoa maoni bila kutoza chochote.

"Gunnel! Nasikia mumeo kakujengea hoteli."

"Njoo uone mwenyewe."

"Nitakuja. Nasikia hata kitanda kina kimo cha kiti cha enzi." Gunnel akamtupia mumewe jicho, na Torgny akajifanya anatafuta bisibisi.

Svala ikavutwa mpaka kwenye winchi ya mkono ya klabu, ile ya kusimamishia milingoti. Kila mashua ina dakika ishirini, na foleni nyuma haina subira. Watu wanne waliinua mlingoti wa mzee Hilding, mti mtupu, mzuri, wakausimamisha juu ya bamba lake. Kjell akashika spana. Alianza kukaza nyaya.

"Mimi nashuka kulala," Gunnel alimwambia Torgny. "Nataka niwe kitandani mlingoti ukiwa juu. Baba alikuwa ananiweka hivyo nikiwa mtoto." Alishuka ngazi akishika mshikio mmoja baada ya mwingine, akapita kwenye mlango wake mpya bila kugusa upande wowote, akaufunga, akakaa, akalala. Alitoa sauti ambayo Torgny aliisikia kutoka juu, na uso wa fundi ukalegea kwa furaha.

Kjell alikaza waya wa mbele. Akakaza wa nyuma. Akarudi pembeni, akajaribu kwa kidole, akaongeza mzunguko mmoja.

"Inatosha hiyo, shemeji," Torgny alisema.

"Umeanza lini kujua inayotosha?" Kjell akaongeza nusu nyingine.

Mlio ulitoka chini, mfupi na mkavu, kama kifundo cha mguu kinachoteguka. Baadaye Torgny alisema aliusikia ndani ya meno yake.

"Torgny?" Sauti ya Gunnel. "Mlango umegoma."

"Sukuma."

"Ninasukuma! Umegoma kabisa. Na hapa juu kuna ufa."

Torgny aliteremka kwa kuruka, akausukuma mlango kwa bega, akaupiga teke. Kijana wa mashua ya nyuma alicheka, akanyamazishwa na mkewe. Watu walisogea na vikombe vyao vya kahawa, kwa sababu mtu wa Granviken haombwi kuja kutazama. Mtu alisema huyo ndiye fundi wa majiko. Mwingine akauliza kama kuna oveni humo ndani. Torgny alipanda tena kutafuta patasi, jasho linamtoka, na kila aliyekuwa njiani alimpisha kwa upole uliozidi, upole unaouma kuliko tusi.

"Patasi ya nini?" Kjell alisema. "Legeza nyaya, mlango utafunguka wenyewe."

Aliyasema hayo kwa utulivu, na mapema mno. Barbro, aliyekuwa na soseji mkononi, alimgeukia. "Wewe umejuaje?"

"Mwenye macho yoyote angejua. Hakuna nguzo. Tangu Machi ilikuwa wazi."

Kilango cha kioo cha sitaha ya mbele kikafunguka. Gunnel alikuwa amesimama chini yake, na kilichotokeza kilikuwa kichwa na mabega tu, usawa wa viatu vya kaka yake. Hakuweza kupanda zaidi ya hapo. Nyonga haikumruhusu.

"Machi?" aliuliza.

Kjell alishika spana yake.

"Uliingia Machi ukaona haina nguzo?"

"Nilikuwa kwenye zamu."

"Sijauliza ulikuwa kwenye nini. Uliona?"

"Niliona."

"Na sasa hivi unakaza, unajua mimi niko chini."

"Hapa gatini isingeanguka, Gunnel. Ningesema kabla hamjatoka. Mimi si muuaji."

"Ungesema lini? Nitajie siku."

Kjell aligeuka kuitazama foleni. Aliyekuwa anapiga honi ya mashua akaacha.

"Legeza," Gunnel alisema. "Uteremshe huo mlingoti."

"Ndiyo, halafu Jumatatu nitampigia mwenye kreni, labda atakubali kurudi, muipandishe mkai..."

"Haipandi popote. Ina tundu?"

"Nini?"

"Mashua. Ina tundu? Inaingiza maji?"

"Haina, lakini..."

"Karatasi yako inasema ikiwa majini. Nimeisoma mara mia. Haisemi ikiwa na mlingoti." Alimtazama kutoka kule chini, shingo imepinda nyuma. "Leo ni usiku wa kwanza. Barbro, andika kwenye daftari lako la kahawa. Na wewe toa viatu vyako mbele ya uso wangu."

*

Alilala usiku saba. Svala ilifungwa mwisho wa gati, kipara, katikati ya milingoti ya watu, na kila aliyepita alipunguza sauti kama anapita penye mgonjwa. Torgny alimletea viazi na samaki wa siki, akalala naye, akamwomba msamaha kila asubuhi mpaka Gunnel akamwambia akiomba tena atamtupa majini. Kitanda kilikuwa kizuri. Hakuamka na maumivu hata siku moja. Siku ya tatu upepo mzuri uliingia kutoka kusini, mashua zote zikatoka, na Gunnel alikaa nje peke yake na kulia waziwazi, bila kujifuta, kwa sababu hakuwahi katika maisha yake kutaka kitanda. Alitaka kwenda.

Torgny alijaribu. Alirudisha nguzo ya zamani mahali pake kwa kuipachika tu, ili apime. Mlango ukarudi sentimita thelathini na nane. Gunnel aliutazama, akautazama tena.

"Kwa hiyo ni mlingoti au mimi."

"Kwa jinsi ninavyojua mimi, ndiyo."

"Itoe."

Mlingoti ulirudishwa bandani, ukalazwa kwenye vishikio vyake. Asubuhi ya nane Gunnel aliteremka gatini na mto wake kwapani, akamwomba Barbro atie saini daftarini kama shahidi. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya kaka yake, na alipomkuta dukani alipitia njia ya upande wa mikate.

*

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelifikiria, hata mwandishi wa karatasi. Karatasi ilimbana na yeye. Julai ikapita, Agosti ikaanza, na Kjell hakuwa amelala ndani ya Svala hata usiku mmoja, kwani nani analala kwenye mashua isiyoweza kwenda. Kisha siku moja mchana alionekana akitembea gatini na mto, blanketi na chupa ya kahawa. Meza nzima ya Barbro ilimsindikiza kwa macho.

"Unahamia hotelini, Kjell?" Barbro aliuliza.

"Nalinda mali yangu," alijibu, akainama kuingia.

Alilala usiku saba peke yake, mashua haijaondoka gatini hata kwa upana wa kiganja. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, akila mkate mkavu na jibini juu ya kitanda kilichojengwa na mtu aliyedharauliwa naye kwa miaka ishirini na sita. Siku ya mwisho Torgny alitumwa kuchukua ufunguo. Gunnel alibaki ndani ya gari, juu kwenye maegesho, ambako ziwa lote linaonekana.

Kjell alikuwa amekunja blanketi, amefagia. Alimkabidhi ufunguo lakini hakuuachia mara moja.

"Kitanda kizuri," alisema.

Torgny aliuvuta ufunguo. Alifurahi, na akajichukia kwa kufurahi.

"Nimelala hapa nikitazama dari siku saba," Kjell aliendelea. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja. "Inawezekana, unajua. Fremu ya chuma. Tao linalozunguka mlango, linashuka pande zote mbili mpaka chini kwenye mkuku. Mlango unabaki kama ulivyouweka, hata sentimita moja haipungui. Ninamfahamu mchomeleaji, Septemba ana nafasi. Nitalipa mimi. Mwakani mlingoti unasimama, na yeye anaenda atakako. Mimi hanipokelei simu. Mwambie wewe."

"Nimwambie."

"Mwambie nimekosa pia. Kama utaona inafaa. Fremu ndiyo ya muhimu, jamaa anataka jibu kabla ya mwezi kuisha."

Torgny alipanda kilima polepole. Fremu ingewezekana, aliiona kichwani mara moja, kila pembe na kila skrubu, akashangaa kwamba hakuifikiria yeye. Akaona na mengine. Aliona mlingoti umesimama na Kjell ameshika usukani, amri zinaanza, na yeye amekaa pale alipokaa miaka yote, ameshika ncha ya kamba ya mtu mwingine, akiambiwa aachie. Aliona viatu vile mbele ya uso wa mkewe. Aliona vikombe vya kahawa gatini, na yule kijana anayecheka. Kjell mwenyewe alikuwa amenyamaza tangu Machi mpaka Mei.

Gunnel alikuwa ameshusha kioo cha gari. "Umeupata?"

"Huu hapa."

"Kasema nini?"

Torgny aliingia, akafunga mkanda, akaweka ufunguo wa Svala kwenye kishikio cha kikombe mlangoni.

"Hana jipya. Kasema godoro gumu."

"Mshenzi," Gunnel alisema. Mashua tatu zilikuwa zinatoka kuelekea visiwani, matanga yamejaa, na alizifuata kwa macho mpaka zilipopita nyuma ya ncha ya ardhi. Kisha akavuta pumzi na kugeuza uso. "Haya. Kama ni ya kukaa gatini, basi ikae vizuri. Mwakani tuweke mapazia."

"Ya rangi gani?" Torgny aliuliza, na kuwasha gari.